Kengele Mbili za Molo

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane, na tangu siku hiyo kalamu nimeishika zaidi kwa kuandika majina ya wateja juu ya magunia kuliko kwa jambo lingine lolote. Naandika pole pole. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na kuna maneno ambayo hadi leo sijui kama yana h au hayana. Dada wa duka la kompyuta anayenichapia ameniahidi kwamba atasahihisha herufi tu na hatagusa kingine. Kurasa hizi zimenichukua wiki tatu, jioni baada ya kazi, kwa sababu kuna sentensi moja niliyopaswa kuisema kule Kabazi mwezi uliopita, tukiwa tumesimama shambani kwa marehemu, na sikuisema. Sentensi yenyewe ni fupi, lakini siwezi kuanza nayo. Asiyejua klabu yetu ilivyokuwa hataielewa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepanga chumba Bondeni, mtaa wa Nakuru, na kazi yangu ilikuwa kuchagua viazi kwenye stoo moja karibu na soko: vikubwa huku, vya mbegu kule, vilivyooza kwenye ndoo. Ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kutoka asubuhi hadi jioni bila kufungua mdomo. Jambo hilo nililipenda, na jambo hilo hilo lilikuwa likinimaliza. Nilikuwa mtu wa kuona haya kiasi kwamba nikienda dukani na kukuta watu wawili mbele yangu, nilirudi nyumbani bila chumvi. Chumba changu kilitenganishwa na cha jirani kwa mbao nyembamba, na kila jioni niliwasikia baba, mama na watoto wao wanne wakigombania rimoti na kulalamikia sukuma wiki ya kila siku. Sikuwahi kuzungumza nao zaidi ya salamu. Lakini nilikuwa nikisubiri mama yule apakue, nisikie mwiko ukigonga sufuria, ndipo nami nipakue ugali wangu. Hivyo nilikula wakati mmoja nao. Sijui kama walijua kwamba walikuwa saba mezani.

Mzee Ndirangu alikuja stoo siku moja akitafuta magunia ya zamani. Alikuwa mrefu, amevaa koti la rangi ya kijivu lililofungwa vifungo vyote, na alizungumza kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nataka yaliyochoka kabisa," alimwambia mkubwa wangu. "Yenye mashimo ndiyo mazuri." Mkubwa akamuuliza ni ya kazi gani. "Ya kutengeneza milima." Watu wote wa stoo wakacheka, na mmoja akamwambia, "Mzee, milima tunayo mingi, nenda Subukia ujichagulie." Mzee akacheka nao bila kukasirika. Mkubwa akaniambia nimsaidie kuyabeba. Njia nzima sikusema neno. Tulipofika kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, akafungua mlango wa chumba kikubwa, akasema, "Weka hapo, chini ya Njoro."

Nikatazama. Chumba kizima kilizungukwa na meza zilizounganishwa, na juu yake kulikuwa na nchi. Reli nyembamba zilitoka kwenye stesheni iliyoandikwa Nakuru, zikapanda kuelekea Njoro, zikazunguka kona hadi Elburgon. Milima ilitengenezwa kwa magunia yaliyochovywa kwenye uji mzito wa unga na magazeti, ikapakwa rangi. Miti ilikuwa vipande vya sifongo. Injini ziliendeshwa na mota zilizotolewa kwenye redio za kaseti. Baada ya Elburgon reli iliingia ndani ya ukuta, kwenye tundu la ukubwa wa sahani, na kupotea. "Upande ule ni jikoni," Mzee aliniambia. "Molo iko jikoni. Turi ilipaswa kuwa hapo katikati, lakini imeangukia ndani ya ukuta." Kijana aliyekuwa akichomelea waya kwenye kona akasema bila kuinua kichwa, "Watu wa Turi ndio wamebahatika. Hawalipi rent." Huyo alikuwa Otis, fundi wa simu. Mzee akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikasema Kuresoi, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza mbele yake. Akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi. "Basi wewe ni mtu wa kushukia Molo! Na Molo haina mtu. Hakuna anayetaka kukaa jikoni peke yake."

Hivyo ndivyo nilivyoingia klabu ya treni ndogo, iliyokutana kila Jumamosi. Tulikuwa wanne tu wa kudumu, na desturi ilikuwa kwamba ukishaingia chumbani unaitwa kwa stesheni yako. Mwalimu Rono, mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti, alikuwa Nakuru. Otis alikuwa Njoro. Mzee Ndirangu, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote hadi akawa mkuu wa stesheni ndogo, alikuwa Elburgon. Mimi nikawa Molo. Sijawahi kupewa jina lililonikaa vizuri namna ile. Chelangat, ndilo jina langu, aliogopa watu, lakini Molo alikuwa na kazi yake, kiti chake na kengele yake.

Nieleze kengele, maana kila kitu kiko hapo. Mimi na Mzee, kila mmoja upande wake wa ukuta, hatukuweza kuonana vizuri, na reli kati yetu ilikuwa moja tu. Treni mbili zikiingia humo pamoja, zingegongana. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kengele ya baiskeli ukutani kwake, na waya wa kuvuta uliopita hadi kwa mwenzake. Nikitaka kupeleka treni Elburgon, nilivuta waya na kengele ya Mzee ikalia mara mbili: njia iko wazi? Kama iko wazi, naye alivuta, na yangu ikalia mara mbili: iko wazi, lete. Treni ikifika, mara tatu. Mwisho wa siku kila mmoja alimgongea mwenzake mara moja, na hiyo ilikuwa kwaheri. Siku ya kwanza Mzee aliniletea kikombe cha chai mwenyewe, akasimama mlangoni akanifundisha kama anavyofundishwa mtu aliyeajiriwa kweli. "Ukiuliza na mwenzako akanyamaza," alisema, "hilo ni jibu. Ni hapana. Hujui kwa nini ni hapana, na si kazi yako kujua. Unakaa. Unakunywa chai yako."

Jikoni palikuwa na masizi ya miaka mingi, na hata baada ya kusugua ukuta mara tatu bado palinukia moshi wa watu tusiowajua. Dirisha lilikuwa dogo, kioo kimoja kimezibwa kwa kitambaa. Jumamosi mchana jua liliingia hapo na kuangukia Molo yangu kwa karibu saa nzima. Nilishona magunia madogo ya ukubwa wa kidole gumba, nikayajaza kokoto, nikayapanga kwenye jukwaa la stesheni kama viazi vinavyosubiri kusafirishwa. Chai na mandazi vilipitishwa kwenye tundu, juu ya reli, kwa mkono wa Mzee. Kwa miezi ya kwanza nilimjua zaidi kwa mkono ule kuliko kwa uso: kucha zilizokatwa fupi, kovu jeupe chini ya kidole cha shahada, mkono wa koti uliofungwa kifungo. Akiweka andazi alisema, "Mzigo wa Molo." Mimi nilirudisha kikombe kitupu. Nilipozoea, nilianza kupeleka viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, naye akapaza sauti upande wa pili, "Wananchi, Molo imeleta mavuno!"

Nilisikia mengi kupitia tundu lile. Mtu akikaa nyuma ya ukuta kwa muda mrefu, walio mbele humsahau. Walizungumza siasa, mpira, bei ya mbolea, binti wa Mzee aitwaye Wambui aliyetaka baba yake ahamie Kabazi, alikokuwa akiishi yeye kwenye shamba la familia. Siku moja Otis aliuliza, "Manze, huyu msichana wa jikoni ni bubu ama?" Mwalimu Rono akasema anadhani ni mgonjwa. Mzee akawajibu, "Si bubu na si mgonjwa. Anayapima maneno kabla hajayatoa. Ninyi mnatoa tu." Nilikaa nimeshika kikombe hadi chai ikapoa. Nilirudi Bondeni jioni ile nikiwa na mtu, ingawa nilitembea peke yangu.

Katikati ya mwaka nikagundua jambo. Niligonga mbili, Mzee hakujibu. Nikachungulia, nikaona reli yake tupu na yeye ameketi, akitazama mlango. Mwalimu Rono alikuwa na daftari la nyakati, na aliichukulia ratiba kama mtihani wa taifa. "Elburgon, umelala?" alifoka. Mzee akashtuka, akavuta waya. Ikatokea tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Kisha siku moja, Mwalimu na Otis wakiwa nje wakinunua mahindi ya kuchoma, uso wa Mzee ukatokea kwenye tundu.

"Molo, uko?"

"Niko, Mzee."

"Sikio la kushoto limefunga duka. La kulia nalo linafungua likitaka." Alicheka, halafu akaacha. "Nakuru akijua, nitaondoka hapa. Sheria ni yake lakini niliiandika mimi mwenyewe: asiyesikia kengele hashiki stesheni. Ni sheria nzuri. Nataka tu nimalize mwaka. Nyumbani ninakaa na redio nisiyoisikia."

Wiki iliyofuata nilileta uzi wa kushonea magunia, nikaupitisha tunduni kando ya reli, naye akafunga ncha yake kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, chini ya koti. Sasa nilipogonga kengele nilivuta na uzi, mara mbili, naye akajibu papo hapo. Aliuita saa yake ya mkono. Hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo miezi niliyokuwa na furaha kuliko yote, na ninapoitazama leo naona ilikuwa furaha ya mtu aliyeshika ncha moja ya uzi tu. Nilijua mtu mmoja mjini angeinua kichwa nikivuta.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jumamosi moja nilivuta, na Mzee alikuwa ameuegemea ule mkono juu ya meza akimsimulia Otis habari za zamani, na hakuhisi. Nilisikia Mwalimu Rono akifungua daftari. Nilichungulia: njia ilikuwa wazi kabisa. Nikainua mkono, nikaigusa kengele yangu mwenyewe kwa ukucha, mara mbili. Wale wa chumba kikubwa walizoea kusikia kengele ya jikoni ikilia kila Elburgon inapojibu, kwa hiyo waliamini amejibu. Nikapeleka treni. Ilifika. Mzee aliiona ikitoka ukutani, akatazama waya wake, kisha akanigongea tatu. Baadaye akaleta uso tunduni. "Leo umenijibia," alisema. Nikamsogezea kikombe kitupu. "Usinizoeshe, Molo. Na wewe usijizoeshe."

Lakini nilijizoesha. Nilijiambia ni kwa ajili yake, asifokewe. Si kweli yote. Mwalimu Rono alikuwa amesema mbele ya wote, "Molo ndiyo stesheni pekee isiyochelewa," na maneno hayo niliyabeba hadi Bondeni, nikayarudia kimoyomoyo nikiosha sufuria. Sikuwa nimewahi kusifiwa kwa kitu. Kwa hiyo nilianza kuchungulia kwanza, nikiona wazi najijibu, napeleka. Wakati mwingine hata uzi sikuuvuta.

Karibu na mwisho wa mwaka tukawa na siku ya wageni. Walialikwa jamaa, watu wa kanisani kwa Mwalimu, na watoto wa shule ya msingi ya jirani. Mzee alileta kitu kilichofungwa kwenye taulo. Kilikuwa kichwa cha treni ya moshi alichokitengeneza kwa miaka mingi kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, chenye bomba la moshi, ngazi ndogo, hata taa ya mbele. Kilikuwa mfano wa kile alichokisafisha alipoajiriwa akiwa kijana. Hakikuwa kimewahi kukanyaga reli yetu. Wambui alikuja naye, amevaa vizuri, akamshika baba yake bega. Mzee alikipitisha tunduni kwanza nikione kabla ya mtu mwingine yeyote. "Shika," alisema. "Usiogope." Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na kilinukia mafuta.

Sikuwa nimefikiri kwamba wageni wangeingia jikoni. Waliingia. Watoto labda kumi wakapanga mstari mbele ya Molo, na nyuma yao mama mmoja mwenye kofia ya kanisani. "Na wewe dada," mama akaniuliza, "kazi yako hapa ni nini hasa?" Alikuwa mpole. Nilifungua mdomo, ukakataa. Watoto wakanitazama badala ya kutazama treni. "Mbona haitembei?" mmoja akauliza. Nikavuta waya, mbili. Nikavuta uzi, mbili. Kimya. "Ni ya uongo," mtoto akasema. "Imekufa." Nikavuta tena vyote viwili. Kimya. "Anagonga na hakuna mtu!" Wakacheka. Nilitaka kuchungulia lakini mama wa kofia alikuwa ameinama kuangalia tundu, na ningelazimika kumwomba asogee. Kumwomba mtu asogee. Hicho tu ndicho kilichotakiwa kwangu, maneno mawili, samahani mama. Nikajiambia: kuna kelele upande ule, Mzee hasikii, uzi umekwama kwenye koti, njia iko wazi kama siku zote. Nikaigusa kengele yangu kwa ukucha, mara mbili. Nikaifungulia treni. Watoto wakapiga makofi ilipoingia ukutani.

Upande wa pili ilikuwa hivi, nilielezwa baadaye. Gurudumu la kile kichwa cha moshi lilikuwa limeteleza nje ya reli, mbele kabisa ya tundu, na Mzee alikuwa amekiinamia kwa mikono miwili akilirudisha. Alihisi uzi wangu mara ya kwanza. Aliuhisi mara ya pili. Hakujibu kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Alikuwa ananiambia hapana, kama alivyonifundisha. Treni yangu ikatoka ukutani ikakipiga, kikamponyoka, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Sauti ile naijua hadi leo. Mama wa kofia akasogea, nikaona. Mzee alikuwa amepiga magoti chini. Bomba la moshi lilikuwa limetengana na kichwa, na tumbo la mkebe limebonyea. Mwalimu Rono akaja mbio na daftari mkononi. "Elburgon! Ulijibu njia iko wazi, na treni yako umeisimamisha juu yake?"

"Labda hakusikia, Mwalimu," mtu mmoja akasema.

"Ilijibiwa," Otis akasema, na hakusema kwa ubaya. "Sote tumesikia mbili."

Mzee akageuza kichwa, akatazama tundu. Macho yetu yakakutana. Nilikuwa na sentensi tayari: ni mimi niliyejijibu. Nilikuwa nayo kwenye ulimi kama kokoto. Nyuma yangu watoto walikuwa wakisukumana, na mbele yangu watu wote wa chumba kikubwa walikuwa wakimtazama yeye, na kama ningesema, wangenitazama mimi. Alisubiri. Najua alinisubiri, kwa sababu alinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na yeye alijua thamani ya kunyamaza. Kisha akasema, "Nilijibu. Ni mimi. Masikio yangu hayafanyi kazi tangu katikati ya mwaka, na nimewaficha. Nakuru, fuata sheria yako." Wambui akasema, "Baba!" na akaziba mdomo. Mzee, bado amepiga magoti, akaingiza mikono chini ya meza. Nilikuwa bado nimeshika uzi, na nikauhisi ukilegea. Nilipouvuta, ukaja wote, bila uzito: alikuwa ameufungua mkononi.

Siku ile hakukuwa na kwaheri. Niligonga moja saa kumi na mbili, saa yetu ya kufunga, na sikusikia kitu.

Wiki iliyofuata Mwalimu Rono aliniita chumba kikubwa, akasema kwa heshima kwamba klabu imekubaliana: Elburgon ni yangu, kwa sababu Molo haikuwahi kuchelewa. Niliketi kwenye kiti cha Mzee. Alikuja Jumamosi mbili, akakaa karibu na mlango kama mgeni, akisaidia kumimina chai. Alinipa kikombe changu mkononi, ana kwa ana, na hakusema mzigo wa nani. Hakunikasirikia, na heri angenikasirikia. Jumamosi ya tatu hakuja, na Otis akasema amehamia Kabazi kwa binti yake. Nami sikurudi tena. Sikuaga mtu. Nilisikia kwamba baada ya muda nyumba ile ilipewa kazi nyingine na klabu ikatawanyika, milima ya magunia ikatupwa.

Miaka tisa imepita. Bado niko Nakuru, bado niko kwenye viazi, ingawa sasa mimi ndiye ninayewaambia wengine wabebe. Nimeishi peke yangu muda wote huo, na nimekuwa na wakati wa kutosha kujichunguza. Mara ngapi niliamua kwenda Kabazi kumwona? Mara nyingi. Kila mara nilijiuliza, atanipokea? Na kila mara nikajijibu: hatanipokea, ameshasahau, ana wageni, hatasikia hata nikizungumza. Sikumwacha yeye ajibu. Nimewafanyia hivyo majirani, nimewafanyia watu walionipenda, nimemfanyia mwanamume mmoja mwema ambaye simtaji. Nagonga, halafu najijibu kwa ukucha wangu, na naondoka.

Mwezi uliopita Otis alinipata kwa simu. "Molo," alisema, na kwa sekunde moja sikujua anamwita nani. "Elburgon ametuacha."

Tulienda. Kabazi ilikuwa na matope, na mahema yalikuwa yamefungwa kati ya mahindi na mti wa parachichi. Tulikula wali na viazi kwenye sahani za plastiki. Viazi hivyo nilivipeleka mimi, na sikumwambia yeyote. Mwalimu Rono, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliitwa kuzungumza kwa niaba ya klabu. Akasimulia habari ya siku ya wageni. Alisema, "Mzee huyu alifanya kosa moja tu la reli maishani mwake, na alisimama mbele ya wageni akalikubali kama mtu mzima. Wangapi kati yetu tunaweza?" Watu wakaguna kwa heshima. Mwenye kipaza sauti akauliza, "Kuna mwingine wa klabu?" Otis akanitazama. Nilisimama. Nilisimama kabisa, wanaume wawili wakaniachia nafasi nipite. Halafu nikainama nikajifanya naokota kitambaa, nikaketi.

Baada ya maziko Wambui alinifuata kwenye uzio. Hakunijua vizuri, alikumbuka tu kwamba nilikuwa jikoni. Alinishukuru kwa kuja. Akaniambia kwamba baba yake aliomba kengele yake ya baiskeli kutoka kwa Mwalimu, akaifunga karibu na kitanda, nao wakafurahi wakidhani ataitumia kuwaita akihitaji kitu. "Lakini aligonga mara moja tu kwa siku," alisema, "jioni, saa kumi na mbili. Tukienda mbio anatuambia, rudini, siwaiti ninyi. Hatukuelewa kamwe. Wewe unajua ilikuwa nini?"

Nilisema, "Hapana, dada." Mungu anisamehe, nilisema hivyo, nikiwa nimeshika mkono wake.

Basi sasa naisema. Mzee Ndirangu hakufanya kosa siku ile. Njia ilikuwa imefungwa, naye hakujibu. Kengele mliyoisikia ikilia mara mbili niliigonga mimi kwa mkono wangu. Kile kichwa cha treni nilikivunja mimi. Alichosema mbele yenu hakikuwa kweli. Alikisema ili msinitazame. Mwalimu, yafute maneno yale ya Kabazi, au yaongezee haya. Na Wambui, kengele ya jioni ilikuwa kwaheri. Nilipaswa kuijibu kwa kugonga moja.

Naomba mniandikie. Mwalimu, Otis, Wambui, mama wa kofia kama bado upo, watoto mliokuwa jikoni siku ile na sasa mmekuwa wakubwa. Na wewe usiyetujua kabisa, kama umewahi kuweka sentensi mdomoni hadi ikachelewa, niandikie nawe. Mwandiko wowote nitausoma, hata ukiwa mbaya kama wangu. Mkiniandikia kwa hasira nitapokea. Mkinyamaza pia nitaelewa kwamba ni jibu. Nimegonga mara mbili. Chai yangu iko hapa mezani, na safari hii sitajijibu.